Mkono Uliofundishwa na Okware

Okware alikuwa ameikalia mikono yake.

Inspekta Silvano Ofwono aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote katika mahabusu ya Busia. Mtu mzima, kifua kipana cha mpakiaji, ameketi sakafuni na viganja vyote viwili amevibana chini ya mapaja, kana kwamba akiviachia vitatoka vyenyewe mlangoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe tupu. Chokaa ililila miaka mingi kabla ya mambo haya.

"Walikukamata wapi?"

"Pale kwa mpaka, afande. Nilikuwa nakwenda upande ya Kenya."

"Kufanya nini?"

"Kukimbia."

Ofwono alipenda washukiwa wakweli, lakini ukweli nao una kipimo chake. Mtu anayekiri kwamba alikuwa anakimbia hata kabla hajakaripiwa, ama hana akili, ama kinachomkimbiza si polisi.

Kesi yenyewe, ukiisoma kwenye faili, ilikuwa nyepesi. Jumatatu, Ikwap, nyapara wa banda la kupakia katika kiwanda cha chokaa kilichoko njia ya Rubongi, alikuwa amesimama kwenye nguzo yake ya kila siku, nje ya mstari mweupe uliochorwa sakafuni. Ndani ya mstari kulikuwa na Mkono. Ndivyo watu wa Tororo walivyoiita ile mashine, na hakuna aliyeuliza ni mkono gani. Ulikuwa mkono mmoja wa chuma, umeota kwenye shina lake sakafuni, unachukua magunia kwenye ukanda unaotembea na kuyalaza juu ya toroli. Miezi miwili ulifanya kazi bila kuvuka mstari hata kwa ncha ya kidole. Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi, ukauvuka na gunia zima mkononi ukambana Ikwap kwenye nguzo. Kisha haukusimama. Ulilaza gunia mahali pake, ukarudi ukachukua jingine, ukaja ukambana tena. Ulifanya hivyo hadi mtu mmoja alipopata akili ya kukata umeme.

Injinia aliyeuunda alisema mashine haina akili wala nia, inafanya lile tu ililofundishwa. Mwalimu wake alikuwa Okware. Okware na Ikwap walikuwa wamegombana mbele ya watu. Basi faili likaandikwa mauaji, na alasiri ya leo gari la gereza la Mbale lingekuja Tororo kumchukua Okware. Aliyepelekwa Mbale kwa mauaji alirudi nadra sana, na kilichompata huko kilikuwa na kamba ndani yake.

"Nieleze ulivyoufundisha," Ofwono alisema.

"Unashika yeye hapa kwa kifundo, kama unashika mtoto. Injinia nabonyeza huko nyuma. Wewe natembea na yeye polepole, gunia kwa mkono yake, mpaka kwa toroli. Basi. Kesho yeye nabeba peke yake, sawasawa vile wewe ulitembea."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, afande. Mimi kabla kuweka gunia natikisa mara mbili, chokaa ikae chini vizuri. Baba yangu alikuwa natikisa hivyo magunia ya pamba. Ile kitu pia ikatikisa. Watu walicheka mpaka wakashika tumbo. Wakaita yeye Okware Mdogo."

Hakuna aliyecheka sasa. Koplo Emong, dereva wa Ofwono, alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama barabara.

"Na ugomvi wako na Ikwap?"

Okware alishusha sauti. "Siku ile nafundisha, Ikwap alikuja karibu. Akasema, Okware, fundisha vizuri, maana yeye akijua, wewe narudi Sikuda kulima muhogo. Hasira ikanishika, afande. Ikanipanda mpaka hapa kwa koo. Nikasema kwa roho yangu, huyu afe. Na mikono yangu ilikuwa kwa ile mashine." Jicho lake zima likamkazia Ofwono. "Wewe umesoma. Niambie. Kama ilijifunza kutikisa, hasira yangu haikujifunza?"

Ofwono aliogopa. Alikuwa ameshakaa na wauaji, wezi wa ng'ombe na mlevi mmoja aliyemfukuza kwa shoka, lakini swali la namna hii hakuwahi kuulizwa. Aliogopa zaidi alipomwona Emong ameacha kutazama barabara na anasubiri jibu pia.

"Mtie kwenye gari," alisema. "Tunapitia kiwandani kwanza."

Njiani Mwamba wa Tororo ukatokeza mbele yao. Hapo Emong akashindwa kujizuia.

"Afande, ile kitu nafaa ifungwe na minyororo."

"Imefungwa. Tangu Jumatatu banda lina kufuli la polisi na ufunguo ninao mfukoni."

"Kufuli iko kwa mlango. Yeye iko ndani."

Ofwono aligusa ufunguo mfukoni.

Kiwandani kazi ilikuwa imesimama. Wapakiaji walikaa nje ya ua, mbali na banda, wameupa mgongo. Katekista alikuwa amekuja asubuhi na maji ya baraka, wakamwambia yaliyompata Ikwap, akayanyunyiza akiwa langoni, akasema yatafika. Walipomwona Okware kwenye landrova wakainuka, na mmoja akaokota jiwe. Hakulirusha, lakini hakuliacha pia.

Injinia Othieno aliwapokea penye ngazi ya ofisi. Alikuwa kijana bado, mwana wa Tororo aliyesomea ng'ambo, shati limenyooshwa vizuri na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimtazama Okware, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Nataka uwashe Mkono," Ofwono alisema.

"Haiwezekani, Inspekta. Kumbukumbu yake iko kwenye ngoma ya sumaku. Ukiicheza tena, somo linaweza kuharibika. Huo ndio ushahidi wako."

"Jumatatu uliniambia inaweza kurudia somo mara elfu bila kukosea."

Othieno alinyoosha kola ya shati lake.

"Labda ni umeme," Emong alijitolea. "Ule wa Jinja narukaruka sana."

"Umeme ukiyumba, Mkono huanguka chini," injinia alisema. "Haurefuki. Somo ndilo linalourefusha." Alilisema haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu, kisha akaonekana kujuta.

Ofwono aliweka jambo hilo akiba. "Kwa nini uliuunda, injinia? Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kijijini."

Hapo kijana akabadilika. Kwa muda mfupi hata usingizi ulimtoka machoni. "Umeona jicho la Okware? Banda hili limekula macho mengi na ngozi nyingi. Chokaa ya moto haina rafiki. Huko nilikosoma wanatafuta mambo matatu. Mikono ya kushika visivyoshikika, kama chuma kilichotoka tanurini sasa hivi, au sumu inayoua hata kwa kuikaribia. Macho, ili mashine ijue mbele yake kuna nini. Kuna kigari kule maabara kina kamera kichwani, kinachukua muda mrefu kuvuka chumba kimoja, kinafikiri kila hatua, lakini kinavuka. Na miguu. Nikasema, kwa nini mikono ianzie kwao? Ianzie hapa, kwenye chokaa."

"Na huu wetu una macho?"

"Hauna. Hauna ngozi pia. Niliagiza kidole cha kuhisi, kifaa cha kuusimamisha ukigusa kitu. Hakijafika."

"Kwa hiyo ulipombana Ikwap..."

"Haukujua," Othieno alisema. "Haujui hata sasa."

Upepo ulipita ukainua vumbi jeupe.

"Nani mwingine huufundisha?"

"Okware peke yake."

"Wewe?"

"Mimi hubonyeza tu. Swichi ziko chumba cha nyuma. Ukiwa kule huioni hata ile nguzo."

Ofwono alitoa ufunguo.

Ndani ya banda palinuka mafuta ya mashine na kitu kingine ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Mkono ulikuwa umeinama katikati ya safari, ulivyoachwa Jumatatu, vidole vyake viwili vimeachama. Karibu na shina lake kulikuwa na uso wa mizani uliofungwa kwenye chuma, unaoonyesha uzito wa gunia, na mbele ya mizani kigoda cha miguu mitatu. Juu ya kigoda kulikuwa na leso iliyokunjwa. Mwenye kigoda hakuwa amerudi kuichukua. Ng'ambo, nje ya mstari mweupe, ilikuwa nguzo ya Ikwap. Watu wa kiwanda walikuwa wameimwagia maji lakini hawakuisugua.

"Koplo, lete gunia la pumba ulifunge pale."

"Afande," Emong alisema kwa upole, "mkono usioweza kuukata ubusu. Huu mimi siwezi kukata, na kubusu siwezi."

Ofwono alilifunga gunia mwenyewe, urefu wa mtu, huku masikio yake yakiwa nyuma, kwenye kile chuma. Kisha akamsimamisha Okware ukutani na pingu zake, akamwita injinia awashe.

Pampu inayousukuma Mkono ikaguna. Mkono ukanyanyuka taratibu, ukanyoosha shingo hadi kwenye ukanda, ukakamata gunia la chokaa na kuligeuza kuelekea toroli. Ulikwenda vizuri, kwa utulivu wa kutisha. Ulipokaribia kigoda ukaanza kurefuka. Ulijitoa nje, nje zaidi, ukapiga upinde mkubwa, ukavuka mstari mweupe na gunia lake likagonga nguzo. Gunia la pumba likapasuka. Mkono haukushtuka. Ulijikunja ukarudi ndani, ukalaza mzigo juu ya toroli, ukaenda kuchukua mwingine.

Emong alitoka mbio. Okware alikuwa amefumba jicho, midomo inasali kwa Kiteso. Ofwono alitaka kumfuata koplo wake, lakini asingeweza kumwacha mtu mwenye pingu peke yake na kitu kile. Basi akabaki. Na kwa kuwa alibaki, akatazama, na kwa kuwa alitazama, akaanza kusubiri kitu ambacho hakikuja.

Mkono ulileta gunia la pili. Ukagonga nguzo. Ukalaza. Ukaleta la tatu, ukagonga, ukalaza.

"Zima!"

Pampu ilikata pumzi. Othieno akatokea mlango wa nyuma, akabaki palepale kizingitini.

"Injinia, hili si somo la Okware."

"Lazima liwe lake."

"Haukutikisa."

Othieno alikodoa macho. "Labda alipobadilisha njia alisahau kutikisa."

Ofwono alimfungua Okware pingu. "Chukua gunia moja pale chini. Liweke torolini."

"Afande, mimi sishiki kitu hapa."

"Mkono hauna umeme. Fanya haraka tutoke."

Okware alilitupa gunia begani, akakimbia nalo akipita mbali na kile chuma, akalishusha. Kabla halijagusa mbao za toroli alilitikisa mara mbili. Kisha akarudi ukutani.

"Kwa nini umetikisa?"

"Sikutikisa, afande."

Ofwono akamtazama injinia. Injinia akatazama viatu.

Bado ilibaki kujua aliyeufundisha. Ofwono alijilazimisha kuushika Mkono kwenye kifundo, pale mwalimu anaposhika. Ulikuwa na joto, kama sufuria iliyoepuliwa kitambo kidogo, na jambo hilo lilimkirihi kuliko kama ungekuwa wa baridi. Akauachia, akatembea peke yake akifuata ile njia aliyoiona. Kutoka ukandani hatua za kawaida. Mbele ya mizani, hapa ndipo Okware alipopita moja kwa moja, karibu kabisa na kigoda. Lakini mwalimu huyu wa pili alikuwa ameanza kujitenga. Alitoka nje kwa mzunguko mkubwa hadi karibu na nguzo, ndipo akarudi.

Kwa nini mtu azunguke hapa? Ofwono alitafuta shimo, hapakuwa na shimo. Alitafuta mafuta yaliyomwagika, waya, ukingo wa zege. Sakafu ilikuwa safi na sawa. Hapakuwa na kitu ila kigoda kitupu na leso.

Aliitazama ile leso kwa muda. Ndipo likamjia jambo ambalo hakupenda kulikumbuka. Mwaka jana, siku ya soko kule Rubongi, yeye Inspekta Ofwono, na sare yake na kofia yake, alimwona mama mkwe wake anakuja njia ileile. Kwao mkwe hapiti mbele ya mama mkwe, wala mbele ya kiti chake. Hakufikiri. Alijikuta mtaroni, ndani ya maji hadi kwenye soksi, amegeukia upande wa pili. Emong alimcheka mwezi mzima.

Akatoka nje. Koplo alikuwa uani na wapakiaji, anaona haya.

"Emong. Kile kigoda cha nani?"

"Cha Mama Benedeta, afande. Yule nasoma mizani. Mama wa Busia, upande ya Kenya."

"Ana mkwe hapa kiwandani?"

Emong alimshangaa. "Si huyu injinia? Ameoa binti yake, Proscovia. Ndiyo maana injinia napita tu mlango ya nyuma, na hesabu ya mizani analetewa na mtu. Kila mtu hapa anajua."

"Na hukuniambia!"

"Afande, nikwambie mtu naheshimu mama mkwe wake? Hiyo ni habari ya polisi?"

Wapakiaji wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Ofwono hakuwa na la kumlaumu. Yeye mwenyewe angeulizwa, asingelitaja.

Mama Benedeta alikuwa amekaa peke yake kivulini, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alipoombwa aingie ndani alisita.

"Jumatatu nilikuwa bado naosha kikombe changu," alisema. "Nilisikia tu. Unataka nikae pale, Inspekta?"

"Kwa dakika chache, mama. Nitakuwa humohumo."

"Na mwenye mashine yumo?" Hakumtaja jina.

"Yumo."

Alijitanda leso ya pili usoni, akafuata.

Walipoingia, Othieno aligeuka upesi akaukabili ukuta. Benedeta alikwenda kigodani kwake macho yakiwa chini, akakaa, akageuza kichwa upande wa mizani. Okware alikuwa pembeni, ameficha mikono yake kwapani.

"Injinia," Ofwono alisema, "ufundishe Mkono njia ya zamani. Pita pale alipopita Okware, mbele ya mama. Pana nafasi ya mtu mmoja na nusu. Ukimaliza, utawasha, nasi tutaona."

"Mimi huwa sifundishi..."

"Leo utafundisha. Koplo atabonyeza, umwelekeze swichi. Na mimi nitasimama kwenye nguzo ya Ikwap."

Maneno yalikwisha kutoka ndipo akayasikia. Emong aliguna mlangoni. Ofwono alitembea hadi kwenye nguzo, akaegemea palepale palipokuwa na unyevu, akafikiri juu ya watoto wake, kisha akakataa kuendelea kufikiri. Alijua asiporudi nyumbani leo, Okware atakwenda Mbale, na hakuna mtu mwingine Tororo nzima atakayehesabu mitikiso ya gunia.

Pampu ikaanza kuguna. Othieno alishika kifundo cha Mkono. Uso wake ulikuwa umelowa. Akapiga hatua, na chuma kikamfuata kwa utii, gunia likining'inia. Hatua nyingine. Akafika penye mizani, akaliona pindo la leso, akasimama.

"Endelea, injinia."

Miguu yake iliondoka, lakini haikwenda mbele. Ilikwenda kando. Alitoka nje kwa mzunguko, uso ameugeuza, na Mkono ukarefuka pamoja naye. Ofwono aliliona gunia linakuja, polepole, usawa wa kifua chake. Aliona mishono yake. Nguzo ilikuwa nyuma yake na hapakuwa na pa kwenda.

"Njia ni pale," alisema. "Unakuja kwangu, Othieno. Ndivyo ulivyokuja Jumatatu."

Gunia liligusa vifungo vya sare yake. Othieno akauachia Mkono kama mtu aliyeshika makaa. Chuma kikasimama kikiunguruma.

"Siwezi," injinia alisema. "Siwezi kupita pale."

"Koplo, zima!"

Othieno alikaa sakafuni kwenye vumbi, shati lake safi na kila kitu. Alizungumza akiwa ameangalia mbali na kigoda.

"Wageni walikuwa wanakuja kutoka Kampala. Walitaka kuona kama mashine hizi zinafaa kwa viwanda vingine. Ule mtikiso ulinitia aibu. Nilitaka waone mashine, si Okware. Watu walipokwenda chai nikaufundisha upya, peke yangu, kwa haraka; nilibonyeza nikaja kuushika. Kigoda kilikuwa kitupu, Inspekta. Hapakuwa na mtu. Sijui kwa nini nilizunguka. Hata sikujua kwamba nimezunguka. Filimbi ya Ikwap ikalia, nikawasha."

"Sikulaumu kwa kuzunguka," Ofwono alisema. Alikuwa bado ameegemea nguzo. "Mimi mwenyewe niliingia mtaroni. Jumatatu ilikuwa ajali. Lakini Jumatatu mchana ulikuja ofisini kwangu ukaniambia ni Okware. Jumanne ukasema ni Okware. Leo, amesimama hapo na pingu, umesema ni Okware. Hapo ulikuwa unamzunguka nani?"

Othieno alipangusa vumbi kwenye shati lake.

Aliyejibu alikuwa Mama Benedeta. Hakumgeukia mkwe wake na wala hakumsemesha, kwa maana hilo halifanyiki. Alizungumza na uso wa mizani, kwa sauti ileile ya chini.

"Inspekta, mwambie mwenye mashine. Angepita hapa, hata angenikanyaga mguu, ningemsamehe siku hiyohiyo." "Hili la Okware, mwambie sijui nitalisamehe vipi." Akaichukua ile leso iliyokuwa imesahaulika tangu Jumatatu, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa, akaanza kulia.

Ofwono alimfunga injinia pingu zilezile. Walipomtoa nje, mlango wa mbele ulikuwa wazi na karibu, lakini Othieno alisita, akamtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. Njia ya mlango huo ilipita mbele ya kigoda. Ofwono akashika njia ya nyuma.

Gari la gereza lilikuwa limekwisha kufika langoni. Ofwono aliongea na askari wa gari hilo kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika, akawaambia wamshushe injinia kituo cha Tororo, atakapolala, kisha warudi Mbale na gari tupu. Wapakiaji walisogea. Yule mwenye jiwe alilidondosha nyuma yake kwa siri. Mmoja akasema Okware Mkubwa amerudi, lakini kicheko hakikupata mwenzake.

Okware alikuwa amesimama kando ya landrova, huru, hajui aelekee wapi.

"Afande. Kwa hiyo hasira yangu haikuingia kwa ile kitu?"

"Haikuingia."

"Sasa ilijifunza nini mpaka ikaua mtu?"

Ofwono alitaka kumpa jibu jepesi ili arudi kwake Sikuda alale. Badala yake akasema lililokuwapo.

"Heshima," alisema. "Ilijifunza heshima."

Okware alitazama mlango wa banda kwa jicho lake zima. Kisha akapanda nyuma ya gari, akajisogeza hadi pembeni, na Emong alipowasha gari kuelekea Busia, njia ya Sikuda, Inspekta alimwona kwenye kioo. Alikuwa ameikalia mikono yake.